Kichaka cha Hajiri na Mti wa Ibrahimu

Neno kutoka Ggaba kwa familia za waamini walio ugenini

Masomo: Mwanzo 21:8-34, Yeremia 17:7-8, Yeremia 29:4-11

Neno hili ni kwenu nyote, baba, mama, vijana na watoto, mlioko Nakivale, Kyangwali, Kyaka II na Rwamwanja, pamoja na ninyi mnaopanga vyumba hapa Kampala.

Katika vikundi vyetu vya maombi limetokea swali ambalo tumeona vema kulijibu mbele ya wote. Baadhi ya mama zetu wameanza kupanda maua mbele ya milango yao: haibiskasi nyekundu, bogonvilia, iksora. Hayo ni maua ya vichaka, yale yanayobaki na majani ya kijani mwaka mzima. Wengine wakauliza: kwa nini kupoteza maji na nguvu kwa kitu kisicholiwa? Na tena, kwa nini kupanda kitu kinachokua polepole katika nchi ambayo si yetu? Mtu anayengoja safari hapandi mti.

Swali hili si dogo, na wanaouliza si watu wasio na imani. Wote tunajua yaliyotupata Januari 2025. Mwezi huo serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Familia zilizokuwa zimeshapimwa afya, zimeuza vitanda na sufuria, zimeagana na majirani, zikaambiwa safari imefutwa. Na mwezi huo huo vita vilifika mjini Goma, na mwezi wa pili Bukavu. Kwa hiyo katika majuma machache tu, njia ya kwenda mbele ilifungwa, na njia ya kurudi nyumbani ikafungwa pia. Mwaka huo huo mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda ulipunguzwa sana. Mtu aliyepitia hayo ana haki ya kuuliza maua ni ya nini.

Basi na tuifungue Biblia, kitabu cha Mwanzo, sura ya 21. Tuisome yote, kwa kuwa mara nyingi tunaisoma nusu nusu.

VICHAKA VIWILI KATIKA SURA MOJA

Sura hii inaanza kwa furaha: Isaka amezaliwa, Ibrahimu akiwa na miaka 100. Lakini furaha ya nyumba moja ikawa machozi ya mtu mwingine. Hajiri, mwanamke wa Misri, anaondolewa nyumbani pamoja na mtoto wake. Anapewa mkate na kiriba cha maji, basi. Anatangatanga katika jangwa la Beer-sheba. Maji yanakwisha. Naye anamlaza mtoto chini ya kichaka, anakwenda kukaa mbali, kwa sababu hawezi kumtazama mtoto wake akifa.

Mama zetu hamhitaji kufafanuliwa mahali hapo. Wapo kati yetu waliolaza watoto chini ya miti katika njia ya Bunagana, na wengine katika njia ya Ishasha. Mnajua kivuli cha kichaka kinaweza kuwa nini kwa mtoto mwenye kiu wakati wa saa sita mchana. Hajiri hakuwa na nyumba, hakuwa na hema, hakuwa na hati yoyote mkononi. Alikuwa na kichaka tu. Na ni hapo hapo, chini ya kichaka, Mungu alipoisikia sauti ya mtoto, na Hajiri akafunguliwa macho akaona kisima.

Sasa endeleeni kusoma. Baada ya hapo sura inahamia kwa Ibrahimu mwenyewe. Yeye naye ni mgeni katika nchi ya Wafilisti. Kuna ugomvi juu ya kisima alichokichimba, kwa kuwa watumishi wa Abimeleki wamekinyang'anya. Ibrahimu hapigani. Anakwenda kwa Abimeleki, anasema naye waziwazi, anampa kondoo wa kike saba wawe ushahidi kwamba kisima ni chake, nao wanaapa. Kisha, katika mstari wa 33, Ibrahimu anapanda mti Beer-sheba, na mahali hapo analiitia jina la Bwana, Mungu wa milele. Na mstari wa mwisho unatuambia alikaa kama mgeni katika nchi hiyo siku nyingi.

Biblia yetu ya Kiswahili inauita mti huo mkwaju. Neno la Kiebrania ni eshel, na wanaochunguza lugha hiyo wanasema ni mti wa jamii ya tamariski. Jamii hiyo ina miti midogo na vichaka vya nchi kame. Aina mojawapo inayoota kusini mwa nchi ile ina majani madogo sana kama magamba, yanayobaki kijani mwaka mzima. Maua yake ni madogo, meupe yenye wekundu kidogo. Unastahimili ukame na chumvi, na mizizi yake hushuka mbali kutafuta maji. Hauzai tunda la kuliwa.

Hebu tulitafakari hilo. Mzee aliyepita miaka 100, mgeni, katika nchi ambayo hakumiliki hata shamba moja (ardhi yake ya kwanza aliinunua baadaye, katika sura ya 23, na ilikuwa kwa ajili ya kumzika Sara), alichimba shimo akapanda mti wa kivuli na maua. Naye alimpanda katika Beer-sheba, nchi ile ile ambayo jangwani kwake Hajiri alimlaza mtoto chini ya kichaka.

Biblia haituambii kwamba Ibrahimu alipopanda alikuwa akimkumbuka Hajiri. Hatutaki kuongeza neno. Lakini sisi tunaosoma sura nzima tunaona vichaka viwili. Cha kwanza hakuna mtu anayetajwa kuwa alikipanda. Kilikuwepo tu, kikamfunika mtoto wa mkimbizi. Cha pili kilipandwa na mgeni, na yeyote atakayepita njia ile, hata asiyemjua Ibrahimu, atapata kivuli. Hapo ndipo jibu letu lilipo. Sisi sote tumewahi kukaa chini ya kivuli ambacho hatukukipanda. Sasa ni zamu yetu kupanda kivuli ambacho pengine hatutakikalia.

MGENI HUAFIKIANA KWANZA

Tuangalie utaratibu wa Ibrahimu. Kabla ya kupanda alipatana na mwenyeji juu ya maji. Hapa Ggaba tunaishi katika nyumba za kupanga, chumba kimoja au viwili, na uwanja mmoja kwa wapangaji wote. Usichimbe shimo kwenye uwanja bila kumwambia mwenye nyumba. Mweleze utapanda nini, kitakuwa kirefu kiasi gani, na kwamba mizizi haitagusa ukuta wala bomba. Wengi watakubali, maana Waganda nao wanapenda maua, ebimuli kama wanavyoyaita, na uwanja wenye maua ni heshima kwa mwenye nyumba. Akikataa, panda kwenye mkebe au jerikani iliyopasuka, uitoboe chini ili maji yatoke. Ninyi mliopewa kiwanja kambini mna nafasi kubwa kuliko sisi. Lakini nanyi zungumzeni na jirani kabla ya kupanda mpakani. Wengi wetu tulitoka katika nchi ambazo ugomvi wa mipaka ya mashamba ulimwaga damu. Tusiulete ugenini.

Kuhusu maji tuseme ukweli. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya maji ya jiji la Kampala imevutwa ziwani na kusafishwa hapa hapa Ggaba, lakini sisi tunaokaa karibu na mitambo hiyo bado tunahesabu jerikani moja moja. Hatumwambii mtu ampe mti maji ambayo mtoto anayahitaji. Maji yaliyooshea mboga au mchele yanatosha kabisa. Na yeyote atakayepanda mwanzo wa mvua, yaani mwezi wa tatu au mwezi wa tisa, ataachiwa kazi nyingi na Mungu mwenyewe.

MBOGA KWANZA, LAKINI SI MBOGA PEKE YAKE

Wanaosema maua hayaliwi wamesema kweli. Kwa hiyo tunasema: mboga kwanza. Pandeni sukuma, dodo, maharage, vitunguu. Yeremia aliwaandikia waraka watu waliohamishwa Babeli akawaambia wapande bustani wale mazao yake, na hilo ni agizo la Mungu. Mtu asipande maua huku watoto wana njaa na nafasi ya mboga ipo.

Lakini Ibrahimu anatuonyesha jambo la pili. Binadamu si tumbo tu. Mkimbizi amezoea kuhesabiwa kwa kilo za mahindi, kwa idadi ya watu nyumbani, kwa namba ya faili. Baada ya miaka mingi anaweza kuanza kujiona hivyo mwenyewe, kwamba yeye ni mdomo wa kulishwa. Anayepanda ua mbele ya mlango wake anakataa hesabu hiyo. Anasema: hapa anaishi mtu, na mtu huyo ameumbwa na Mungu aliyeyavika maua ya shambani uzuri kumpita Sulemani (Mathayo 6:28-30). Bwana wetu alipotaka kuwafundisha maskini juu ya wasiwasi wa chakula na mavazi, hakuwaonyesha ghala. Aliwaonyesha maua.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi tunaisikia methali hiyo kama lawama kwa mgeni mvivu. Sisi tunaona ndani yake heshima. Anayepewa jembe haonekani tena kuwa mzigo. Amekuwa mtu wa nyumbani. Nasi tusingoje kupewa. Tulichukue jembe wenyewe.

KIPANDE KILICHOKATWA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, kwa sababu kazi hii inahubiri kuliko sisi.

Haibiskasi haihitaji kununuliwa. Omba kwa jirani tawi moja lililokomaa kidogo, unene wa penseli, urefu wa shubiri moja. Likate chini ya kifundo, pale jani linapotokea. Ondoa majani yote ya chini, uache mawili tu juu, na hayo mawili uyakate nusu. Chomeka nusu ya kipande katika udongo laini uliochanganywa na mboji au samadi ya zamani, isiwe mbichi, maana mbichi huunguza. Weka kivulini. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Kisha ngoja majuma manne, sita, hata manane.

Wapendwa, wengi hushangaa: kwa nini kuliondolea majani tawi ambalo tayari limekatwa? Je, halijateswa vya kutosha? Sababu ni kwamba majani hutoa maji hewani kila saa, na kipande hakina mizizi ya kuvuta mengine. Kikiachwa na majani yote kitakauka. Kikiwa na machache, nguvu yake inashuka chini kutengeneza mizizi. Na katika majuma hayo ya kwanza ukikitazama kwa juu hutaona kitu. Kimesimama kama kijiti kikavu. Mtoto atakwambia, "Mama, kimekufa." Usiking'oe kuangalia! Kila ukikivuta kuangalia, unakata vimizizi vilivyoanza.

Wengi wetu tuko katika majuma hayo. Tulikatwa, na yule aliyetukata hakuwa mtunza bustani mwema. Ilikuwa panga na bunduki, na Mungu hakuyapenda hayo. Hatusemi vita ni kazi ya Mungu. Tunasema Mungu anaweza kukichukua hata kipande kilichotupwa barabarani akakipanda. Tulipoteza majani: kazi, nyumba, diploma zisizotambuliwa, jina tulilokuwa nalo mtaani. Mtu anayetutazama kwa juu anaona kijiti. Lakini yapo yanayoendelea chini ambayo jicho halioni. Watoto wanajifunza. Maombi yanapanda. Ndoa zilizotikisika zinapona polepole.

Hata Ggaba yenyewe imewahi kukatwa hivyo. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika umoja wao uitwao AMECEA, walikuwa na Taasisi ya Kichungaji hapa Ggaba. Mwaka 1976, katika miaka ya utawala wa Idi Amin, taasisi ilihamia Eldoret, Kenya. Lakini vitabu vilivyochapishwa huko Eldoret viliendelea kubeba jina la Gaba. Tawi lilikatwa hapa, likaota kule, na halikusahau jina lake. Miaka ile Waganda wengi nao walikuwa wakimbizi katika nchi za jirani. Kwa hiyo tukikutana na mwenyeji anayetupokea vizuri, tukumbuke kwamba huenda naye, au baba yake, alikaa chini ya kivuli cha watu wengine.

KIJANI MWAKA MZIMA

Mtu akiangalia kichaka kisichokauka anadhani hakiangushi majani. Si kweli. Inama uangalie chini yake: majani ya njano yapo kila wiki. Tofauti yake na miti inayopukutika ni kwamba hakiyaangushi yote kwa wakati mmoja. Hili linazeeka na kuanguka, lile linachipua. Kwa sababu hiyo kinaonekana kijani wakati wote.

Yeremia, katika sura ya 17, anasema mtu anayemtegemea Bwana ni kama mti uliopandwa kando ya maji, ambao jani lake hubaki bichi hata wakati wa joto, wala hauogopi mwaka wa ukame. Sisi tunaokaa karibu na ziwa tunaelewa picha hiyo. Lakini tusiielewe vibaya. Hakusema kwamba joto halitakuja. Hakusema kwamba hakuna jani litakaloanguka. Mkristo mwenye imani naye analia, anafiwa, anapata habari mbaya kwa simu usiku. Kubaki kijani maana yake ni kwamba chini ya jani linaloanguka kuna jingine linalokuja, kwa kuwa mzizi umefika majini. Tusimhukumu ndugu yetu kwa jani moja la njano.

Ua la haibiskasi nalo lina fundisho lake. Aina nyingi hufunguka asubuhi, na kufikia jioni au kesho yake limenyauka. Siku moja tu! Lakini kesho lingine linafunguka juu ya kichaka kile kile. Ni kama mana ya jangwani, katika Kutoka 16: ya leo ni ya leo. Anayetaka kuweka ua la leo kwa ajili ya mwezi ujao hatapata kitu. Atunze kichaka, maua yatakuja yenyewe. Vivyo hivyo tusitafute faraja ya mwaka mzima kwa maombi ya siku moja.

Na haibiskasi hutoa maua kwenye machipukizi mapya. Isipopunguzwa inakuwa ndefu, yenye miti mingi na maua machache kule juu tu. Kwa hiyo baada ya msimu wa maua, mvua ikikaribia, chukua kisu kikali ukate ncha za matawi, hata theluthi moja, ukiacha majani ya kutosha. Ondoa na yaliyokufa. Bwana Yesu ametaja kazi hii katika Yohana 15. Yapo matawi katika maisha yetu yanayokula nguvu bila kuzaa: uchungu juu ya jirani wa zamani, uvumi wa kila siku, kushindana na familia iliyopata nafasi kabla yetu. Hayo yakatwe.

Bogonvilia tabia yake ni nyingine. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Wasafiri Wafaransa waliikuta Brazil mwaka 1767, na leo iko katika kila mtaa wa Kampala kama mwenyeji. Ukiimwagilia sana inaota majani tu. Inapenda jua kali na udongo unaokauka kidogo kati ya mvua na mvua. Hapo ndipo inapowaka rangi. Na rangi hiyo si ua. Ni majani yaliyogeuka. Ua lenyewe ni dogo, jeupe, limejificha katikati. Ina miiba, kwa hiyo inafaa kwa ua wa kuzuia mbuzi, lakini isiwe mahali watoto wanapopita wakikimbia.

SI KILA KIZURI KIWEKWE MLANGONI

Hapa tunawaomba wazazi msome kwa makini. Oleanda, kile kichaka chenye majani membamba marefu na maua ya waridi au meupe, kina sumu katika sehemu zake zote. Usikipande palipo na mtoto anayetambaa, usikichomee kuni, usitumie kijiti chake kukorogea wala kuchomea nyama. Ndugu yake mwenye maua ya njano ya umbo la kengele na tunda la kijani lenye kokwa ngumu ni hatari vile vile. Kokwa zake zimeua watu. Duranta, inayopandwa sana kuwa ua, ina vitunda vya njano vinavyovutia watoto navyo vina sumu. Lantana huwadhuru mbuzi na ng'ombe, tena huenea ikaziba malisho ya jirani. Mtoto akila kitu kama hicho, msingoje: mpelekeni kituo cha afya mara moja pamoja na tawi lenyewe ili waone alichokula.

Na katika mambo ya roho ni hivyo hivyo. Yeremia aliwaonya watu juu ya manabii wenye maneno matamu. Mmoja, Hanania, alitangaza kwamba baada ya miaka miwili kila kitu kitarudi mahali pake (Yeremia 28). Neno lake lilikuwa ua zuri lenye sumu. Yeremia alisema miaka 70. Nasi tunao akina Hanania wa kwetu, wanaoahidi kwamba ukitoa pesa kidogo jina lako litaingia kwenye orodha ya safari. Usiwape kitu. Orodha ya kweli hainunuliwi.

Tukisema mpande, hatusemi mwache kutumaini safari au kurudi nyumbani. Fuatilieni faili zenu. Waombeeni wanaokaa Goma na Bukavu. Waraka ule ule wa Yeremia unaosema pandeni bustani ndio unaoahidi kurudi. Mikono inaweza kuwa katika udongo wa hapa, na macho yakangoja ahadi.

NENO MOJA, UA

Kiswahili chetu kina neno fupi: ua. Ni kitu kinachochanua. Ni pia uzio wa nyumba, na uwanja ulio ndani ya uzio huo. Na ni kitendo kilichotufukuza kwetu, kitendo cha Kaini. Neno moja likitajwa peke yake, mtu hajui limebeba lipi. Lazima asikie sentensi yote.

Maisha ya wengi wetu yalisimama kwenye maana ile ya Kaini. Tuliacha nyua zetu kwa sababu ya wauaji. Shetani angependa sentensi iishie hapo. Lakini Mungu hajamaliza kusema. Chini ya kichaka cha Hajiri sentensi ilionekana imekwisha: mama amekata tamaa, mtoto analia, maji hakuna. Mungu akaendelea kusema. Na juu ya msalaba watu walidhani imekwisha. Asubuhi ya siku ya tatu Mariamu Magdalene alimwona Bwana mzima, naye akamdhania kuwa ni mtunza bustani (Yohana 20:15).

Basi mama anayetoboa mkebe na kuchomeka tawi mbele ya chumba cha kupanga hapotezi maji. Anaendeleza sentensi. Huenda simu ikaita kabla ya ua la kwanza kuchanua. Huenda mwenye nyumba akapandisha kodi wakahama. Na ziwa lenyewe hupanda: mwezi wa tano 2020 maji yaliingia katika nyumba za ufukweni, watu wakabeba magodoro vichwani. Kila kitu hapa kinaweza kuachwa. Ukihama, usikate kichaka wala usiking'oe kwa hasira. Chukua tawi moja la shubiri moja, lifunge katika kitambaa chenye unyevu, uende nalo. Kichaka mwachie atakayekuja. Atakuwa mama usiyemjua, amefika usiku, ana mtoto mgongoni, hana mtu. Asubuhi atafungua mlango aone kitu cha kijani kilichochanua, ajue kwamba kabla yake alikaa mtu hapa, naye hakukata tamaa.

Ibrahimu alipopanda aliliitia jina la Mungu wa milele. Mti ungekufa siku moja, na yeye pia. Yule aliyemwita hafi. Kwa hiyo mgeni anaweza kupanda.

TUOMBE

Ee Mungu wa milele, uliyemsikia mtoto wa Hajiri chini ya kichaka, tusikie na sisi. Wape maji wenye kiu na chakula wenye njaa. Wakumbuke waliobaki vitani. Fungua njia pale ulipopanga kufungua, na pale unapotaka tukae, utupe mizizi. Ibariki mikono ya wanaopanda, na watakaokalia kivuli chao. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

KWA IBADA YA FAMILIA

1. Ni kivuli cha nani tulichokalia katika safari yetu, ambacho hatukukipanda? Tumtaje na kumshukuru Mungu kwa ajili yake.

2. Ni jani gani la njano tulilo nalo mwezi huu, na ni chipukizi gani?

3. Watoto wachague mahali, wazazi waombe ruhusa, na mvua ikianza, familia ipande tawi moja. Siku ya kulipanda, msome Mwanzo 21:33 na kuomba pamoja.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote.